Kamati Ndogo ya Kusimama Kimya

Ipo nchi moja, wala usihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa maana wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa wasubiri kibali, na hadi leo wanasubiri. Nchi hiyo inaitwa Utulivuni. Ni nchi ya amani isiyo kifani. Mtu wa Utulivuni akikanyagwa mguu, yeye ndiye huomba radhi kwa kuuweka njiani.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kuna majengo mawili makubwa yanayotazamana: Bunge na Kiwanda cha Saruji. Bunge lilijengwa kwa saruji ya kiwanda, na kiwanda kilijengwa kwa sheria za Bunge, kwa hiyo yanaheshimiana kama wakwe. Yako karibu mno, hata kinu cha kiwanda kinapounguruma vikombe vya chai vya waheshimiwa hutetemeka kwenye visahani vyake. Waheshimiwa wamezoea. Wanasema huo ndio mdundo wa maendeleo.

Ili kuwatetea watu wa kiwandani, Bunge liliunda Kamati Ndogo ya Maelewano Kazini na Mafao ya Wafanyakazi. Ilikuwa ndogo kwa jina tu, viti vyake vilikuwa vikubwa. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Fikirini Madaha, alikuwa na moyo mwepesi kuguswa. Mfanyakazi wa kwanza alipokufa kwa vumbi la saruji kumjaa kifuani, Madaha alitoa leso, akajifuta mahali ambapo chozi lingepita kama lingekuja, akasema:

"Waheshimiwa, hatuwezi kukaa hapa tunajadili mafao huku mwenzetu hajapoa kaburini. Tusimame dakika moja."

Wakasimama. Ilipendeza sana. Walipokufa wa pili na wa tatu kwa pamoja, mjumbe mmoja akapendekeza wasimamiwe wote kwa dakika ile ile moja. Madaha akagonga meza.

"Hawa si mifuko ya saruji, tuwapakie lori moja! Kila mfanyakazi ni mtu kamili, na kila mtu kamili ana dakika yake!"

Wajumbe wakapiga makofi, na maneno hayo yakawa kanuni. Kanuni ikazaa kanuni. Ilitungwa kwamba wakati wa kimya mtu yeyote asiseme, asiondoke, wala asiondolewe, awe mgeni, askari au mwenyekiti mwenyewe, hadi katibu wa kamati, anayekifungua kwa kengele, aipige tena kukifunga. Ikatungwa pia kwamba kimya hicho kirushwe moja kwa moja kwenye vipaza sauti vya kiwandani, na mashine zote zizimwe kwa heshima. Hapo Mwekezaji, mwenye kiwanda, alinuna kidogo, lakini alipoambiwa kwamba dakika hizo zitakatwa kwenye mapumziko ya chakula ya wafanyakazi, naye akaguswa na msiba.

Hivyo kila kimya kilipofika kinu kilizimwa, vumbi likatua chini taratibu, na wafanyakazi wakavuta hewa. Ikawa huko Utulivuni mfanyakazi hupumua pale tu mwenzake anapokufa.

Tatizo lilikuwa dogo, lakini tulitaje. Kikao cha kamati kilianza baada ya chai na kilifungwa saa sita kamili, kwa sababu pilau haingoji. Hoja ya kwanza kwenye ratiba, kikao hadi kikao, ilikuwa "Matibabu ya Vifua kwa Wafanyakazi." Haikufikiwa hata mara moja. Kadiri hoja ilivyochelewa ndivyo watu walivyokufa, na kadiri watu walivyokufa ndivyo vimya vilivyorefuka na hoja kuchelewa. Wageni kutoka nchi za nje walikuja kujifunza jinsi kamati inavyoweza kuwajali wafanyakazi asubuhi nzima bila kuketi.

*

Nyamizi alikuwa mshona midomo ya mifuko kiwandani, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Mumewe, Sekwao, alikuwa mtu wa kinuni. Zamani Sekwao alikuwa akibeba mifuko miwili kwa mpigo huku akighani mashairi aliyoyatunga njiani, kila mtu akiwa na ubeti wake, bosi na mfagizi. Siku hizi alikuwa akitoka kitandani hadi mlangoni kwa vituo, kama treni ya mizigo.

Daktari wa zahanati alimpima, akavua miwani.

"Mama Siwema, mpeleke Hospitali ya Vifua, kule milimani. Mpeleke kabla ya masika. Unyevu ukimkuta hapa, mimi sitaki kukudanganya."

"Basi niandikie barua ya rufaa, daktari, kesho tuondoke."

"Ningeandika hata kwa damu yangu. Lakini matibabu ya mfanyakazi ni fao, na fao halitoki bila baraka ya Kamati Ndogo."

Nyamizi akaenda kwenye Kamati Ndogo. Aliketi kwenye benchi la wasikilizaji, akasimama waliposimama, akasikiliza majina ya watu aliowashonea mifuko yakisomwa moja moja, kengele ikilia katikati yao. Saa sita, Mheshimiwa Madaha akafunga faili. Nyamizi akarudi kikao kilichofuata, na kingine tena. Miguu ilikufa ganzi. Mawingu yakaanza kujikusanya juu ya milima.

Siku moja alimvizia katibu wa kamati, Bwana Shambe, akitoka na sahani ya sambusa.

"Baba, nisaidie. Nataka kusema neno moja tu kabla hawajasimama."

"Neno? Kabla ya kimya?" Shambe alishtuka kana kwamba ameombwa avue suruali. "Kanuni hairuhusu neno lolote kabla ya kimya, mama. Labda ngonjera."

"Ngonjera?"

"Ngonjera ya kuwakaribisha waheshimiwa. Kama za watoto wa shule siku ya mgeni rasmi. Hiyo kanuni inairuhusu, kwa sababu inawasifu." Akamega sambusa, akatazama pembeni. "Ila mimi sijasema kitu."

Nyamizi alikimbia nyumbani kama aliyeokota dhahabu.

"Baba Siwema! Amka! Bunge linataka shairi!"

Sekwao alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja.

"Linataka shairi, mimi nataka hewa," alisema alipoweza. "Tubadilishane."

"Acha mzaha. Utatunga la kuwasifu, halafu ndani yake unachomeka ukweli. Wewe si fundi?"

"Fundi wa nini, mke wangu? Fundi wa kukohoa?"

"Ulimtungia bosi beti akacheka mwenyewe, kumbe umemwita fisi. Watungie na hawa."

Macho ya Sekwao yaliwaka. Ulikuwa muda mrefu Nyamizi hajauona moto ule. Mwanamume yule alikuwa na kiburi cha watu wanaojua kazi yao, na kiburi hicho vumbi halikuwa limekifikia bado.

"Niletee maji," alisema. "Nitawachoma hadi wapige kelele."

*

Siku ya kikao Nyamizi alimshika kiunoni, wakapanda ngazi za Bunge, ngazi moja, pumziko moja. Ukumbini Mheshimiwa Madaha alitabasamu.

"Leo tuna bahati. Mfanyakazi wetu mwenyewe amekuja kutuburudisha. Karibu, kijana."

Sekwao alijishikilia kwenye meza ya katibu. Akaghani, huku akitua katikati ya kila mstari kutafuta pumzi, na wajumbe wakidhani ni mbinu.

*Kifua changu kiwanda, saruji humo yazama,*
*Kila pumzi napanda, na miguu imegoma,*
*Mnaokula kuwanda, simameni kwa heshima,*
*Ukimya mnaopenda, niupate nikihema!*

Nyamizi alijikaza, akisubiri wapige kelele, wakasirike, wamfukuze, lolote, ilimradi wawe wamesikia.

Mheshimiwa Bi. Stara Bakulutu, mbunge wa Viti Laini, alisimama akiwa na machozi halisi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, miaka yote nimekaa katika kamati hii, sijapata kusikia ombi la unyenyekevu kama hili. Kijana huyu haombi nyumba. Haombi gari. Anaomba dakika yake ya kimya, basi, na anaiomba angali anahema, aione kwa macho yake! Sisi ni akina nani hata tumnyime?"

"Waheshimiwa, hapana!" Nyamizi aliruka kutoka benchini. "Hilo ni fumbo! Anawasuta! Anaomba hospitali!"

"Kuhusu utaratibu!" mjumbe mwingine akanguruma. "Msikilizaji asifasiri shairi mbele ya wajumbe. Sote tumesoma."

"Neno hospitali halimo katika shairi," alisema Madaha kwa upole. "Nimesikiliza kwa makini. Kuna *niupate nikihema*. Ni Kiswahili chepesi, bibie." Akawageukia wajumbe, kifua kimemtanuka. "Tena, waheshimiwa, naona hekima kubwa. Vimya vimetulemea kwa sababu tunasubiri watu wafe. Tukiwapa wagonjwa kimya chao mapema, wangali hai, tutamaliza deni, na tutapata muda wa kujadili hoja zao. Naomba tukiite Fao la Kimya cha Awali. Wanaokubali waseme ndiyo."

"Ndiyooo!"

"Wasiokubali?"

"Mimi!" alipiga kelele Nyamizi.

"Nafikiri waliosema ndiyo wameshinda."

Hiyo ilikuwa hoja ya kwanza ya wafanyakazi kupita tangu kamati iundwe. Ilipita kwa haraka iliyowashangaza hata walioipitisha. Bwana Shambe, bila kumtazama Nyamizi, alisoma: "Sekwao wa kinuni." Kengele ikalia, wajumbe wakasimama, wakainamisha vichwa. Ng'ambo ya pili kinu kikazima.

Na Sekwao akasimama katikati ya kimya chake mwenyewe, akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia kwenye matanga akakuta picha yake ukutani. Kisha akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha adabu. Kilitoka kisimani, kikapanda kwa minyororo, kikagonga kuta za ukumbi na kurudi. Madaha alikunja uso, lakini kanuni ilimfunga mdomo. Askari waliokuwa mlangoni walitikisika, lakini kanuni iliwafunga miguu. Dakika nzima Bunge la Utulivuni lilisimama likamsikiliza mfanyakazi mmoja akikohoa, na hakuna aliyeweza kumgusa. Nyamizi aliliona hilo. Hakulielewa siku hiyo, lakini aliliona.

Kengele ilipolia Madaha alisema, "Marehemu aondolewe. Amevuruga kimya chake."

*

Kesho yake Sekwao alijikokota hadi kiwandani, lakini hakuruhusiwa kupita getini.

"Pole, kaka," mlinzi alimwambia, kofia mkononi. "Nilikusimamia jana, hapa hapa. Mwekezaji amesema mtu akishasimamiwa jina linatoka. Hataki kuajiri mizimu."

"Mimi mzimu?" Sekwao akahema. "Nipige kofi, tuone nani ataumia."

"Usinitie majaribuni, kaka. Kumpiga marehemu ni dhambi."

Nyamizi akampeleka zahanati. Daktari aliwafungia mlango wa ofisi, akazungumza kwa kunong'ona. Angetoa dawa kidogo ya kikohozi kwa fedha ya mfukoni mwake, lakini fungu la kumtibu marehemu halikuwepo. Nyamizi akauza cherehani yake binafsi apate nauli ya milimani, wakafika hadi lango la Hospitali ya Vifua, na kule langoni mwanamke mpole alitafuta jina la Sekwao, akalipata kwenye orodha ya marehemu, mahali asipopenda kulipata, akawaletea viti na chai ya tangawizi. Hakuwa na kingine cha kuwapa. Walirudi na basi lile lile lililowaleta.

"Ni mimi," Nyamizi alisema njiani, akitazama dirishani. "Mimi ndiye niliyekwambia utunge."

"Usiniibie shairi langu," alijibu Sekwao, ameegemea bega lake. "Shairi lilikuwa zuri. Wasikilizaji ndio wabovu."

Huko Bungeni mambo yalinyooka. Wagonjwa wote wa kiwandani walisomwa majina na kusimamiwa, wakaondolewa kazini mmoja mmoja kwa maneno mengi ya kuwashukuru. Ndipo katika kikao kimoja cha kihistoria, saa tano asubuhi, Mheshimiwa Madaha akatangaza kwa sauti inayotetemeka kwamba wamefikia hoja ya kwanza: Matibabu ya Vifua kwa Wafanyakazi. Wajumbe walikumbatiana.

"Katibu," aliuliza Madaha, "kiwandani kuna wagonjwa wa vifua?"

Shambe alipekua. "Hakuna, Mheshimiwa. Wote wameshasimamiwa."

"Hakuna hata mmoja!" Madaha aliinua mikono. "Waheshimiwa, tumelitokomeza gonjwa hili. Hoja inaanguka kwa sababu ya mafanikio."

Siku hiyo pilau iliongezwa nyama. Na jioni yake, mvua ya kwanza ya masika ikaanza kupiga mabati ya nyumba ya Sekwao.

Alikufa asubuhi yenye unyevunyevu, mkono wake ndani ya mkono wa Nyamizi, akijaribu kumalizia mstari mmoja. Nyamizi aliinamisha sikio hadi midomoni pake. Mstari ule haukufika kwenye kina chake.

*

Baada ya matanga Nyamizi alikwenda kwenye kamati. Safari hii hakuketi kwenye benchi. Alisimama mbele ya meza, kaniki nyeusi kichwani.

"Mheshimiwa, mume wangu amekufa. Nimekuja kuomba asimamiwe."

Madaha alishauriana na Shambe.

"Bibie, pole sana. Ila marehemu alishatumia dakika yake. Tena aliikohoa yote. Tukimpa ya pili, wenzake watasema tunapendelea."

"Dakika ile alikuwa hai."

"Ndiyo uzuri wa fao lenyewe," alisema Bi. Stara kwa huruma.

Nyamizi aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amekuja na matusi ya kutosha kuta zote nne. Lakini alipokuwa akiwatazama alikumbuka kikohozi cha Sekwao kikizunguka ukumbini, askari wamesimama kama milingoti, mwenyekiti amefunga mdomo. Yeye mwenyewe alikuwa akikohoa tangu mwezi uliopita. Mshona mifuko huvuta alichokishona. Alifunua leso aliyoishika mkononi, akawaonyesha kijivu kilichochanganyika na wekundu.

"Basi niandikeni na mimi," alisema. "Naomba Kimya cha Awali."

Nyuso za wajumbe ziling'aa. Hakukuwa na hoja rahisi kama hiyo.

"Mmeona sasa?" Madaha aliwaambia wenzake. "Wananchi wameanza kulielewa fao. Unajua masharti, bibie? Ukishasimamiwa, kazi huna, na matibabu huna."

"Najua. Mbona nimeyasomea nyumbani kwangu."

"Jina?"

"Nyamizi wa ufungaji."

Kengele ikalia. Wajumbe wakasimama, wakainamisha vichwa. Ng'ambo kinu kikakohoa mara ya mwisho, kikazima. Vikombe vikatulia kwenye visahani. Nyamizi akasogelea kipaza sauti kilichowekwa mezani kurusha kimya kwenda kiwandani, akakikamata kwa mikono miwili.

"Watu wa kinuni, watu wa tanurini, dada zangu wa ufungaji," alisema. "Ni Nyamizi. Mnanisikia kwa sababu mashine zimezimwa."

Shingo ya Madaha ilivimba. Askari wakatazamana. Kanuni ikawashika mahali walipo.

"Hewa mnayoivuta sasa hivi mmepewa kwa kifo changu, na mimi nipo hai, nasema nanyi. Mlipewa kwa kifo cha Sekwao, naye alikuwa hai, amesimama hapa hapa. Kila tukitaka kupumua, sharti mmoja wetu afe kwanza. Leo ni mimi, kesho ni nani? Uliye karibu na swichi, ni wewe? Mtoto wako?" Kifua kikambana. Akakohoa, akakisubiri kikohozi kipite kama mtu anayesubiri gari la bosi lipite, akaendelea. "Sekwao aliwaomba hospitali kwa shairi, wakampa kaburi. Mimi sina shairi. Hawa wakimaliza kusimama watapiga kengele, nanyi mtawasha. Msiwashe. Kengele ni yao, swichi ziko mikononi mwenu. Vuteni hewa. Msiwashe."

Bwana Shambe alikuwa akiitazama saa. Wengine wanasema dakika ile ilikuwa ndefu kuliko dakika nyingine, na kwamba mkono wa katibu ulikuwa mzito juu ya kengele. Mimi sijui, nasimulia tu. Mwishowe ikalia.

Wajumbe wakaketi kwa kishindo. Madaha akafungua mdomo kuita askari, lakini kwanza, kwa mazoea, akasubiri mngurumo urudi, kama mtu anayesubiri kivuli chake kimfikie.

Haukurudi. Chai ilikaa kwenye vikombe, laini kama kioo.

"Katibu, umepiga kengele?"

"Nimepiga, Mheshimiwa."

"Ipige tena."

Akaipiga tena. Akaipiga mara ya tatu, kwa nguvu, hadi ulimi wa kengele ukapinda. Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka ng'ambo haikuja sauti ya kinu wala ya mtu. Walichosikia, kwa mara ya kwanza tangu jengo lile lijengwe, ni matone ya masika yakidondoka kutoka kwenye paa la Bunge.

Askari mmoja alimsogelea Nyamizi, akasita, akamtazama mwenyekiti apewe ishara. Mwenyekiti alikuwa akiitazama chai yake. Polepole, mjumbe mmoja wa nyuma akainuka tena, akainamisha kichwa, asije akavunja kanuni. Wa pili akamfuata. Bi. Stara naye aliinuka nusu, mikono juu ya meza, hajui kama aketi au asimame.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alinong'ona, "hiki kimya sasa ni cha nani?"